Ganzi imegoma kushika: jino lina nini?

SWALI: Jino la chini la nyuma liliniuma mpaka fizi ikavimba. Daktari alinichoma ganzi mara 2 palepale penye uvimbe, bado nilihisi kila kitu. Je, dawa ilikuwa imepitwa na wakati?
Msomaji, Tanga

JIBU: Yaelekea dawa ilikuwa nzima, ila haikupata njia ya kuingia kwenye neva.

Neva ikiwa imetulia, ndani yake pana chaji hasi ya kama milivolti 70 kulinganisha na nje. Sodiamu imejaa nje, potasiamu imejaa ndani. Kwenye utando wa neva zimepachikwa protini zenye tundu katikati, nazo ndizo milango ya sodiamu. Tundu limezungukwa na sehemu 4, na kila sehemu ina mhimili wenye chaji chanya. Uhasi wa ndani huivuta mihimili hiyo, mlango ukabaki umefungwa. Jino likiguswa, uhasi hupungua. Ukifikia kama milivolti -55, mihimili husogea kuelekea nje, tundu hufunguka kabla hata milisekunde 1 haijaisha, na sodiamu humiminika ndani. Pale palipokuwa hasi pakageuka chanya, na badiliko hilo hufungua milango ya jirani, mmoja baada ya mwingine, hadi habari ya maumivu ifike ubongoni.

Mlango haukai wazi. Baada ya kama milisekunde 1, kizibo kilicho upande wa ndani huziba tundu, na milango ya potasiamu, ambayo hufunguka polepole zaidi, huitoa potasiamu nje na kurudisha uhasi. Kizibo hakibanduki mpaka uhasi urudi, ndiyo maana ishara hairudi ilikotoka. (Wengi hudhani pampu ya sodiamu ndiyo inayorusha kila ishara. Sivyo. Kazi yake ni kulinda akiba ya sodiamu na potasiamu pande zote mbili.)

Sasa, lidokeini, yaani dawa ya ganzi, huziba tundu hilo kutokea ndani, kwa hiyo ni lazima kwanza ipenye utando, ambao ni mafuta. Molekuli isiyo na chaji hupenya, yenye chaji hukwama nje. Katika mwili wenye pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ya 7.4, karibu robo ya dawa haina chaji. Penye usaha pana asidi: pH ikishuka hadi 6.4, hubaki kama asilimia 3 tu. Zaidi ya hapo, mishipa ya damu iliyotanuka kwa uvimbe huisomba dawa upesi, na neva iliyochokozwa huongeza milango ya sodiamu ya aina nyingine, isiyozibika kirahisi kwa lidokeini.

Kurudia sindano palepale, basi, husaidia kidogo sana. Kinachofaa ni kuchoma mbali na uvimbe, kwenye shina la neva ya taya la chini, kungoja dakika 5 au zaidi, na kulikamua jipu. Kiasi nacho kihesabiwe. Kichupa cha mililita 1.8 cha lidokeini ya asilimia 2 kina miligramu 36. Ikiwa imechanganywa na adrenalini (dawa inayobana mishipa ya damu), mtu mzima mwenye afya asizidishiwe miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito: mwenye kilo 50 ni 350, yaani vichupa 9 hivi. Ukisikia ulimi wote unakufa ganzi na masikio yanavuma, mwambie daktari papo hapo, kwani degedege laweza kufuata.

SWALI: Je, sumu ya bunju, yule samaki anayejivimbisha, nayo ni ganzi? Ukimchemsha sana, haiishi?
Msomaji, Lamu

JIBU: Inaziba milango ileile ya sodiamu, lakini kutokea nje, kama gunzi lililokaza kwenye mdomo wa chupa. Haihitaji kupenya utando, na moto wa jikoni hauiharibu. Imejaa zaidi kwenye ini na mayai. Bunju mwenyewe hadhuriki kwa sababu mdomo wa milango yake una umbo tofauti kidogo, sumu haishiki.

Midomo huanza kuwasha na kufa ganzi, mara nyingi kabla ya saa 1 kwisha, kisha misuli hulegea, ya kupumulia ikiwamo. Milango ya moyo haishikwi upesi na sumu hii, hivyo moyo huweza kuendelea kupiga huku pumzi imekatika. Dawa ya kuiondoa hakuna. Mkimbizeni hospitali yenye mashine ya kupumulia, apumuliwe mpaka mwili uitoe. Akishindwa kupumua njiani, mpulizieni pumzi mdomoni bila kuacha, na mzungumzieni vizuri: huenda anasikia kila neno ingawa hawezi kufumbua macho.