Vinyago, kasuku na pembe: maswali yenu kuhusu vibali vya CITES

CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini kati ya nchi na nchi, ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973, na sasa una nchi wanachama zaidi ya 180. Viumbe hivyo vimepangwa katika orodha ziitwazo viambatisho: vya Kiambatisho cha Kwanza haviuzwi kati ya nchi na nchi isipokuwa kwa sababu za pekee; vya Kiambatisho cha Pili huuzwa kwa kibali.

Natuma vinyago vya mpingo kwa dada yangu Toronto. Je, kibali ni lazima? (Dar es Salaam)

Inategemea mizani. Mpingo uliingia Kiambatisho cha Pili tarehe 2 Januari 2017, ila bidhaa iliyokamilika imesamehewa mradi mti wenyewe hauzidi kilo 10 kwa shehena. Sanduku na vitambaa vya kufungia havihesabiki. Gogo au mbao hazina msamaha huo, hata ikiwa ni kilo moja. Tunza risiti, maana sheria za misitu za nchini ziko palepale. Na kinyago chenye macho ya pembe ya ndovu kiache. Hilo ni jambo jingine kabisa.

Nahamia Nairobi na kasuku wangu wa kijivu. Nianzie wapi? (Goma)

Anzia Nairobi, siyo Goma, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kasuku huyu yumo Kiambatisho cha Kwanza tangu Januari 2017, kwa hiyo vinatakiwa vibali viwili: cha kuingiza na cha kutoa. Cha kutoa hakitolewi mpaka cha kuingiza kipatikane. Ukianza na Kongo utarudishwa, huku siku zinakatika: kibali cha kutoa hudumu miezi 6 tu, cha kuingiza miezi 12.

Utaulizwa ndege alipatikanaje. Kama alinaswa porini na huna karatasi yoyote, usitegemee kibali. Ukivipata vyote viwili, ongeza cheti cha daktari wa mifugo, safiri na nakala halisi (fotokopi haitoshi), na mpakani usiondoke kabla afisa hajajaza idadi na kugonga muhuri kwenye kibali cha kutoa. Sehemu hiyo ikiwa tupu, upande wa pili wana haki ya kumzuia ndege.

Mbona nchi za kusini ziliuza pembe za ndovu na Tanzania ikakataliwa? (Arusha)

Ndovu wa Botswana, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini wako Kiambatisho cha Pili. Wengine wote wa Afrika wako cha Kwanza. Hata hao wa kusini, mauzo ya akiba ya pembe za serikali yaliruhusiwa mara mbili tu, 1999 na 2008. Tanzania na Zambia ziliomba mwaka 2010 kwenye mkutano wa CITES kule Doha, Kenya ikapinga, na theluthi mbili ya kura haikupatikana. Kwa maoni yetu kura ile ilikuwa sahihi: Tanzania ilikuwa na ndovu takriban 109,000 mwaka 2009, na kufikia 2014 walibaki kama 43,000 kwa sababu ya ujangili.

Naweza kubeba makombe kurudi nayo Muscat? (Unguja)

Kombe lile kubwa lenye mawimbi, Tridacna, CITES inakuruhusu hadi matatu bila kibali, yote pamoja yasizidi kilo 3; pande mbili zinazolingana ni kombe moja. Matumbawe magumu hayamo katika msamaha huo. Nchi inaweza kuwa na sheria kali zaidi ya mkataba, kwa hiyo ulizia kwanza Unguja na Muscat pia.