Ukumbi wa kale Lamu: chokaa kwanza, viyoyozi baadaye

Mkikabidhiwa jengo la kale la umma hapa Lamu mlifanye ukumbi, msianze na orodha ya vipaza sauti na viyoyozi. Anzeni na kuta. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Hunyonya unyevu wa ardhini, kisha huutoa hewani. Saruji huuziba. Unyevu ukikosa pa kutokea hupanda juu, chumvi huganda nyuma ya lipu, na masika kadhaa yakishapita ukuta huanza kubanduka mapande mapande. Nimetoa lipu ya saruji kwenye majengo kadhaa nikakuta jiwe limeloa, linapukutika mkononi. Huumiza kuona, kwa sababu jiwe hilo lilikuwa zima kabla ya huo ukarabati.

Basi fedha za mwanzo ziende kwenye kuondoa saruji. Uacheni ukuta ukauke kaskazi yote, hata wafadhili wakiwahimiza. Ndipo mpake lipu ya chokaa iliyorowekwa vyema, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ifunikwe magunia yaliyoloweshwa isije ikapasuka. Mchanga wa ufukweni una chumvi, msiutumie. Wa vilima vya Shela pia msiuguse: ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu.

Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba vyetu, karibu mita 3 tu. Msivunje ukuta wa kati kutafuta nafasi. Ukuta huo umebeba dari. Tumieni ua. Ngome ya Lamu ilimalizwa 1821, ikawa gereza tangu 1910 hadi 1984, na leo uani mwake hufanyika mikutano na harusi. Tangi la maji lisipandishwe darini pia, maana lita 1,000 ni tani nzima.

Nyaya zipite kwenye mabomba juu ya ukuta, zisichimbiwe ndani. Feni na madirisha yaliyo wazi yanatosha. Kiyoyozi hutaka chumba kifungwe, na upepo hukosa pa kupita. Mwangwi utapunguzwa na mikeka na mapazia mazito.

Fundi wa chokaa mwiteni kabla ramani haijakamilika, na mumpe vijana wawili wa kujifunza kwake. Mlipeni kwa siku. Anayelipwa kwa mita atapaka tabaka moja nene ili amalize upesi.