Kuihamishia Anatevka Newala: nilivyokosea kabla yako

Mkuu, umeuliza ufanyeje ili Fiddler on the Roof iwe ya kwetu, na wazo lako ni kijiji kihamie Newala, huku mkoani Mtwara, yule baba muuza maziwa awe mkulima wa korosho, mabinti wavae kanga. Mimi nilikuwa na wazo hilohilo, likanivunjikia mkononi mbele ya vijana ishirini na wawili.

Kwa wasioijua: ni tamthilia ya nyimbo ya Marekani, ilifika Broadway, kwenye majukwaa makubwa ya New York, mwaka 1964. Muziki ni wa Jerry Bock, maneno ya nyimbo ya Sheldon Harnick, mazungumzo ya Joseph Stein, na chimbuko ni hadithi za Sholem Aleichem. Tevye ni Myahudi fukara wa kijiji cha Anatevka, Urusi ya mwaka 1905. Ana mabinti watano. Wa kwanza anamkataa mwenye bucha tajiri, anamtaka fundi cherehani. Wa pili anamfuata mwanamapinduzi hadi Siberia. Wa tatu anaolewa na asiye Myahudi. Mwisho kijiji kizima kinafukuzwa.

Korosho ndiyo ilianza kutuangusha. Tevye anauza maziwa kila siku, mlango kwa mlango, na farasi akichechemea, Tevye mwenyewe anauvuta mkokoteni. Ndiyo maana anamjua kila mtu na kila mtu anamjua umaskini wake. Mkulima wa korosho anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, anasubiri mnada, pesa inaingia kwa msimu. Ukishabadilisha biashara, umembadilisha mtu. Vijana wangu waliligundua kabla yangu: aliyecheza Tevye alikuwa hajui afanye nini na mikono yake.

Lakini kilichoiua kabisa ni Jumamosi tulipowaalika wazee watazame mazoezi pale Shangani, Mtwara. Tukafika mahali Tevye anapeana mkono na mwenye bucha, binti ameshaozwa. Bibi mmoja wa Kimakonde, aliyekuwa anamenya chungwa muda wote, akasimamisha kisu.

"Na njomba wake yuko wapi?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. "Huyu baba anamwoza mtoto wa ukoo wa watu?"

Hapo nilikaa chini. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, kimila ukoo unafuata upande wa mama, na mwenye kauli kubwa kwa mabinti ni mjomba, ndiye njomba wa yule bibi. Dini, shule na mjini vimelegeza hayo, lakini bibi alikuwa sahihi: mchezo mzima umesimama juu ya baba anayeamua peke yake, nami nimemweka mahali ambapo wenyeji wanamtafuta mjomba kwa macho. Na huwezi tu kumgeuza Tevye awe mjomba, kwa sababu leseni ya kuigiza haikuruhusu kugusa maneno bila idhini ya maandishi. Hata tafsiri ya Kiswahili inaombewa. Anza na barua hiyo kabla hujagawa sehemu kwa mtu yeyote.

Jerome Robbins, aliyeiongoza mara ya kwanza, inasimuliwa kwamba aliwasumbua waandishi kwa swali moja mkutano baada ya mkutano: mchezo huu unahusu nini? Wakimjibu muuza maziwa na mabinti zake, anakataa. Mpaka mmoja akasema ni mila zinazovunjika. Akawaambia basi waandike wimbo wa kufungulia kuhusu mila, na ndio huo unaofungua mchezo hadi leo. Dhana ya mwongozaji ndiyo hiyo, jibu la sentensi moja ambalo unalitumia kuamua kipi kibaki na kipi kikatwe. Kanga na korosho ni maleba tu, mavazi na mapambo ya jukwaani.

Tulipoiacha Newala na kuanza upya, sentensi yetu ilikuwa: watu wa Mtwara wanasimulia habari za kijiji cha mbali kilichofukuzwa. Anatevka ikabaki Anatevka. Waigizaji waliingia na nguo zao za kila siku, wakakaa kwenye mikeka, anayepokea nafasi anavaa kofia au anajifunga kilemba mbele ya watazamaji. Njomba hakuulizwa tena, maana hakuna aliyedai kwamba Tevye ni wa Newala.

Cha ajabu, tulipoacha kulazimisha, vitu vya kwetu viliingia vyenyewe. Kuna mahali Tevye anamtungia mkewe ndoto: marehemu mke wa mwenye bucha anatoka kaburini kuikataa ndoa ya binti na mwenye bucha. Wengi humbebesha mwigizaji mabegani mwa mwenzake. Sisi tulitumia kinyago cha mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, kwa kuwa kwenye ngoma hiyo kinyago ni mzimu na kijiji kinajua kumwogopa. (Waombe wazee kwanza. Mapiko yana mambo ya jandoni, si kila kinyago ni cha kuonyeshwa kila mtu.) Tukio hilo lilitushinda kulifanya la kuchekesha tu, na sijutii.

Kwenye kufukuzwa, niliwauliza wazee walibeba nini walipohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Nilitegemea vyombo na nguo. Mzee mmoja akasema alibeba mlango. Nyumba atajenga kwa miti na udongo wa huko, lakini mbao za mlango atazipata wapi? Basi kwenye onyesho la mwisho Tevye alipita na mlango mgongoni, bawaba zikining'inia, na hatukuongeza neno hata moja kwenye maandishi ya wenyewe.

Sasa niandikie sentensi yako hapa. Ikiwa na neno "korosho" ndani yake nitakuuliza tena.