Shemeji ameshika mali: je, mjane akitafuta wakili afungue mirathi amekosea?

SWALI: Assalaam aleykum Sheikh. Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita, akaniacha na mabinti wawili, wa miaka 9 na 6. Wazazi wake walishatangulia, na amebaki kaka yake mmoja tu wa baba mmoja mama mmoja. Kila mwisho wa mwezi shemeji huja na kitabu cha risiti, hukusanya kodi ya vyumba vinne vya marehemu, kisha hunipa kidogo cha kula. Benki nayo haitoi akiba mpaka nipeleke barua ya usimamizi wa mirathi. Nilipomwambia nitatafuta wakili, alisema kwenda mahakamani ni kuhukumiwa na taghuti, yaani mwenye kuhukumu kinyume cha sheria ya Allah, na kumlipa wakili ni kula mali ya mayatima. Nifanyeje?

JIBU: Waaleykumu salaam warahmatullah. Dada yangu, Allah amrehemu mumeo na akutie nguvu. Swali lako limenikosesha usingizi, maana kisa chenyewe tunakijua. Kilishatokea Madina, na Mtume (s.a.w.) akakitolea hukumu.

Jabir (r.a.) amesimulia kuwa mke wa Saad bin Rabii alimwendea Mtume na mabinti zake wawili akasema: hawa ni watoto wa Saad, baba yao ameuawa katika vita vya Uhud, na ami yao amechukua mali yao yote. Ikashuka aya ya mirathi. Mtume akamwita yule ami akamwambia awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni (sehemu moja ya nane), na kinachobaki ni chake. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Mwanamke yule alimshitaki shemeji yake hadharani, na hakuna aliyemwambia kuwa amevunja udugu.

Sasa hilo la taghuti. Wanaolisema huisoma aya ya 60 ya Suratun Nisaa, wakaishia hapo hapo. Aya inawasema watu wanaoikimbia hukumu ya Allah wakatafute nyingine inayowapendeza. Kati yako na shemeji yako, nani anaikimbia? Wewe unaomba fungu alilolitaja Allah. Yeye ana miaka miwili na kitabu cha risiti, na hajagawa hata senti. Aya anayokurushia imemwelekea yeye mwenyewe.

Wala hukwenda mahakamani ukaombe dini nyingine. Unataka karatasi yenye muhuri ili benki ijue nani ana idhini ya kupokea amana ya maiti, na wasije watu watatu kila mmoja akidai yeye ndiye ndugu. Penye kadhi mwenye mamlaka ya mirathi, anza kwake. Pasipokuwa naye, haki ya yatima haiachwi ipotee kwa kukosa kadhi. Mtume aliusifu mkataba wa Hilful Fudhul, nao ulifungwa na washirikina nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an ili kumtetea aliyedhulumiwa, akasema lau angeitwa kwenye mfano wake katika Uislamu angeitika. Hao wanaokataza mahakama nimewaona: shamba lao likivamiwa, wao ndio wa kwanza kufungua kesi.

Atakwambia pia, "Tuyamalize kifamilia." Sulhu ni kheri, warithi wote wakiwa watu wazima na wameridhia. Binti wa miaka 6 hawezi kuridhia, na hakuna wa kusamehe kwa niaba yake. Si wewe, si ami yake.

Kuhusu wakili, kumweka mtu akusemee ni jambo la wema waliotangulia. Imepokewa kuwa Ali (r.a.) alikuwa akimweka ndugu yake Aqil, kisha Abdallah bin Jaafar, wamsimamie katika magomvi yake. Ujira wa kufungua mirathi, kwa kuwa unawafaa warithi wote, naona utoke katika tarika, yaani mali aliyoiacha marehemu, kabla ya kugawa, kwa kiasi cha kawaida. Gharama ya kugombea jambo lako peke yako itoke mfukoni mwako. Lakini mtu akizuia haki hadi mwenyewe akalazimika kushitaki, mwanachuoni Ibn Taymiyya amesema gharama hizo zinamwangukia mzuiaji. Mwambie shemeji hilo, kwa upole. Na patana na wakili kiasi maalumu. Wapo wanaotaka asilimia ya kitakachopatikana, na wanavyuoni wengi wanaukataa ujira usiojulikana.

Nina neno jingine, na pengine hutalipenda. Baada ya madeni na wasia, kama upo, mali ya mumeo ni mafungu 24: mabinti 16, wewe 3, shemeji 5. Hayo matano ni yake hata kama amekuliza. Wakili akikuonyesha njia ya kumnyima, usiifuate. Mtume amesema huenda mmoja wenu akawa na ufasaha wa hoja kuliko mwenzake, nami nikamhukumia kwa ninavyosikia. Niliyemkatia haki ya ndugu yake nimemkatia kipande cha moto. Ameipokea Bukhari na Muslim.

Ukiteuliwa msimamizi, mali ya watoto iwe kwenye akaunti yao, mbali na yako, na uandike kila kinachotoka, hata viatu vya shule. Siku ya kuwakabidhi utahitaji mashahidi. Hilo limo katika aya ya 6 ya Suratun Nisaa.

Nenda wiki hii. Chukua cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya mabinti na barua ya benki. Mwambie wakili aiombe mahakama imwamuru shemeji alete kile kitabu cha risiti, kwani kodi ya miaka miwili nayo ni ya warithi, inagawanywa katika mafungu yale yale 24.

Wallahu aalam.