Posta, Kivukoni na Magogoni, Dar es Salaam: maswali yenu na majibu

Swali: Babu yangu huiita sanamu ya Askari pale makutano ya barabara za Samora na Azikiwe "Bismini". Bismini ni nani?

Jibu: Babu yako amebeba kumbukumbu yenye umri mkubwa kuliko sanamu yenyewe. Wajerumani walikuwa na sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, hapa mjini, na wengi hulinasibisha jina hilo naye. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, Wissmann aling'olewa. Aliishia Hamburg, penye chuo kikuu, mpaka wanafunzi wa huko walipomwangusha miaka ya 1960.

Askari wa shaba tunayemwona leo alisimamishwa mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika waliopigana upande wa Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Usitazame bunduki tu, mwanangu. Soma maandishi ya chini: yanawataja na wapagazi, yakiwaita miguu na mikono ya jeshi. Hao walikufa kwa maelfu, njaa na maradhi yakiwamaliza kuliko risasi, na hapa mjini hakuna aliyewachongea sanamu. Kila nipitapo pale nausoma mstari huo, hata magari yakinipigia honi.

Swali: Jengo gani hapo mjini ni la kale kabla ya Wajerumani?

Jibu: Boma la Kale, barabara ya Sokoine, linalotazamana na bandari. Lilijengwa miaka ya 1860 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, na mlango wake wa kuchonga ungedhani umetoka Mji Mkongwe. Majid alifariki mwaka 1870, mji wake ukazorota, boma likabaki.

Swali: Serikali imehamia Dodoma. Magogoni bado ni Ikulu?

Jibu: Bado. Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023, ila ya Magogoni haikufungwa. Nyumba ya gavana wa Kijerumani iliyokuwa pale ilipigwa mizinga na manowari za Waingereza mwaka 1914, kisha wao wenyewe wakaijenga upya na kuimaliza mwaka 1922. Picha usipige.

Swali: Kwa nini viongozi wakifariki huagwa Ukumbi wa Karimjee?

Jibu: Kwa sababu Bunge letu lilikuwa likikaa humo wakati wa Uhuru, kabla ya kuhamia kwingine. Marehemu anarudishwa palipotungwa sheria za kwanza za nchi huru. Naona ni heshima iliyostahili.

Swali: Nina asubuhi moja tu. Nianzie wapi?

Jibu: Shuka Posta ya Zamani mapema, jua halijawa kali. Kanisa la Azania Front, lililojengwa na Wajerumani, liko hapo hapo na mnara wake. Fuata Sokoine, bandari ikiwa mkono wa kushoto, upite Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo nalo lilijengwa na Wajerumani, likakamilika mwaka 1902, hadi Boma la Kale. Ukifika, uguse ule mlango.