Rekodi kwanza, alamu baadaye

Jengo la kwanza nililokabidhiwa kuwekea mfumo wa udhibiti, niliweka alamu kwenye kila kitu: joto la kila chumba, mgandamizo wa kila bomba, kila feni na kila pampu. Kidhibiti kilikuwa na nafasi ya kikomo cha juu na kikomo cha chini, nami nilizijaza zote, nikiamini kwamba hakuna anayeweza kunilaumu kwa tahadhari iliyozidi. Haikupita wiki, waendeshaji wakawa wanapokea mamia ya taarifa kwa siku na kuzikubali zote kwa mkupuo bila kuzisoma. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na kelele zile nilizileta mimi.

Usiku mmoja kipoza hewa cha chumba cha seva kikazimika. Alamu ilitoka kama ilivyopangwa, ikapotelea katikati ya nyingine. Kulipokucha seva kadhaa zilikuwa zimejizima kwa joto. Nikajipa moyo kwamba rekodi zitatuonyesha joto lilianza kupanda saa ngapi. Nilipozifungua, nilikuta data ya saa mbili na nusu tu, ya siku ile tuliyowasha mfumo kwa mara ya kwanza.

Chanzo kilikuwa namba moja. Katika BACnet, lugha ya pamoja ambayo vidhibiti vya majengo hutumia kuwasiliana, muda kati ya rekodi moja na nyingine huhesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde. Nilitaka kila dakika 15, nikaandika 900 nikidhani ni sekunde. Kidhibiti kikarekodi kila baada ya sekunde 9, nafasi zake 1,000 zikajaa, na kwa kuwa nilikuwa nimeacha chaguo la kusimama nafasi zinapojaa, kikasimama. Namba sahihi ilikuwa 90,000. Programu nyingine hukuonyesha dakika na kukokotoa zenyewe, kwa hiyo usiiamini skrini: rudi baada ya saa moja, soma muda wa rekodi mbili zinazofuatana, utajua ukweli.

Tangu hapo siweki kikomo cha alamu kabla sijaona mwenendo wa kifaa chenyewe. Nawasha rekodi, naliacha jengo lifanye kazi kwa wiki mbili, wikendi zikiwemo, ndipo nakaa na grafu. Wiki mbili kwa kila dakika 15 ni rekodi 1,344, kwa hiyo kidhibiti chenye nafasi 1,000 hakitoshi peke yake. Ama uongeze nafasi, ama seva ya mfumo wa udhibiti izichukue rekodi kabla hazijafutwa na mpya. BACnet ina njia ya kidhibiti kuiarifu seva kwamba rekodi zimefikia idadi fulani. Itumie. Wengi huiacha tupu, kisha wanashangaa kukuta mashimo kwenye grafu.

Si kila kitu kirekodiwe kwa namna moja. Joto la chumba halina haraka, dakika 15 zinatosha. Feni kuwaka na kuzima hurekodiwa vizuri zaidi pale hali inapobadilika, maana feni inayowaka na kuzima kila dakika tatu itakufichia ugonjwa wake ukiichungulia mara nne kwa saa. Vali inayoyumba wakati unarekebisha udhibiti wake itahitaji sekunde chache, lakini kwa siku hiyo tu. Ukisahau kurudisha, vifaa vilivyo kwenye laini ya MS/TP, yaani waya mmoja wa BACnet unaotumiwa na vifaa vingi, vitaanza kuchelewa kujibu, kwa sababu laini ile ni nyembamba na vyote vinapokezana zamu ya kusema.

Grafu ikishakuonyesha maisha ya kawaida ya kifaa, kikomo hujichagua chenyewe. Tuseme chumba cha seva kina kikomo cha 27°C. Joto likicheza kati ya 26.9 na 27.1, utapata alamu na kurejea kawaida, alamu na kurejea kawaida, usiku kucha. Weka pengo la kurudi la digrii 1, ili alamu ikishatoka isifutike mpaka joto lishuke chini ya 26. Kisha ongeza muda wa kusubiri. Ikiwa grafu inaonyesha kwamba mlango ukifunguliwa joto hupanda kwa dakika nne na kushuka, subiri dakika saba. Na hewa itokayo kwenye mtambo isipigiwe alamu wakati feni imezimwa. Hilo peke yake liliondoa sehemu kubwa ya kelele katika jengo langu.

Kwa kila alamu iliyobaki najiuliza: nani ataamka, na atafanya nini? Kama sina jibu, naiacha iwe rekodi tu. Kipaumbele nacho kina mtego: 0 ndicho cha juu kabisa na 255 cha chini, na nimeshawakuta mafundi wazuri walioipa alamu ya moto 255 kwa kudhani kubwa ndilo muhimu.

Saa za vidhibiti zilinganishwe na chanzo kimoja, tena kila siku. Vidhibiti viwili vikipishana dakika kumi, rekodi zitakuambia pampu ilizimika baada ya bomba kukauka, nawe utatafuta hitilafu isiyokuwepo.

Mwisho kabisa najaribu, na sijaribu kwa kubadilisha namba kwenye skrini. Naenda kwenye kihisi chenyewe, nakipasha joto, nasubiri mpaka simu ya mtu wa zamu ilie. Orodha ya wapokeaji hubeba siku na saa ambazo kila mmoja atatumiwa taarifa, kwa hiyo jaribio la Jumanne mchana halikuhakikishii chochote kuhusu usiku wa Jumapili. Mara ya kwanza nilipojaribu saa 8 usiku wikendi, alamu ilionekana kwenye kidhibiti lakini simu ilikaa kimya. Jumamosi na Jumapili hazikuwa zimewekewa alama ya tiki.