Mshale Mwekundu Mmeutoa Wapi?

Wadogo zangu wa benchi, nimeiona tena ile grafu: huku limfosaiti za mgonjwa wa lukemia ya LGL (saratani ya damu ya limfosaiti kubwa zenye chembechembe), kule neutrofili (seli nyeupe zinazopambana na bakteria) zilizokufa, katikati mshale mwekundu unaodai kwamba za kwanza zimeziua za pili. Nawapenda, lakini mtanizeesha.

1. Seli lengwa, yaani zile zinazodaiwa kuuawa, ziwe na kontroli: kundi la kulinganishia linalokaa peke yake. Nilipokuwa mgeni nilichanganya CD8 (limfosaiti za kuua) za mgonjwa na neutrofili za mtu mwenye afya, nikaziacha kwenye inkubeta usiku kucha. Asubuhi, mauti matupu! Nikayatangaza kwenye kikao, kifua mbele. Mkuu wa maabara akauliza tu, "Na zile zilizolala peke yake?" Sikuwa nazo. Neutrofili, jamani, ukizitoa mwilini huanza kujiua zenyewe baada ya saa chache, hata asiziguse mtu. Niliporudia kipimo na kontroli, vifo vilikaribia kulingana. Ikabidi nisimame tena mbele ya watu walewale kufuta maneno yangu, na mzaha wa "muuaji wako hajambo?" ulinifuata hadi kantini.

2. Damu ichukuliwe kwenye chupa ya kifuniko cha kijani, si zambarau: ya zambarau ina EDTA, kizuia damu kuganda kinachonyakua kalsiamu, na paforini (protini ambayo limfosaiti hutobolea seli lengwa) haitoboi bila kalsiamu.

3. Jueni mnapima silaha ipi. Paforini ikishatoboa, granzaimu (vimeng'enya vya limfosaiti) huingia na kuamsha kaspezi (vimeng'enya vinavyoiua seli kutoka ndani). Kipimo cha saa 4 huiona njia hiyo vizuri. Njia ya Fas (kipokezi cha amri ya kufa kwenye uso wa seli) ni nyingine, na kwenye LGL ina vituko: FasL, protini inayoiwasha Fas, hukatika kutoka kwenye limfosaiti ikaelea kwenye seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli), hivyo seramu pekee yaweza kuua neutrofili. Ninyi, kwa usafi wenu, mnaosha seli mara tatu na kummwaga muuaji sinki. Pimeni seramu pia, pamoja na kingamwili inayoziba Fas. La kuudhi ni kwamba LGL zenyewe zina Fas na FasL tele, ila hazifi. STAT3, protini inayoziamuru seli ziendelee kuishi, imewashwa muda wote, na mwaka 2012 mutesheni zake zilionekana kwa wagonjwa 31 kati ya 77.

4. Someni faili kabla ya kushika pipeti. Baadhi ya wagonjwa hawa wana baridi yabisi pia, na prednisoloni, dawa ya steroidi wanayoweza kuwa wanaitumia, huchelewesha kifo cha neutrofili. Mmoja wenu, anajijua, alikuwa ameshaandika "seramu hii haiui". Dawa ilikuwa ukurasa wa kwanza, kwa wino wa bluu.